Boksi la friji lina taa nne, askari hajaambiwa hata moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na unisamehe kama nitaandika mrefu maana hii kitu imenikaa rohoni tangu mwezi uliopita. Mimi ni fundi wa friji na rumu za baridi hapa Arua, kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja sasa, na siku hizi kila mwenye rumu ya baridi anataka lile boksi dogo la kuangalia mambo kwa mbali, lile linalowekewa laini ya simu ndani halafu joto likipanda linakutumia meseji hata kama uko Kampala umekaa. Siyapingi hayo maboksi, ni mazuri sana. Shida yangu ni namna yanavyofungwa. Vijana wanakuja, wanatoboa ukuta, wanaunga waya, wanapiga picha moja ya kumwonyesha bosi wao, wanaondoka, na yule mtu atakayekesha na boksi usiku kucha hakuna aliyemwambia hata neno moja.

Ngoja nieleze yaliyotokea. Kuna Hajati mmoja hapa mjini anafanya biashara ya samaki, anachukua sangara na ngege kutoka Panyimur kule Ziwa Albert, anagandisha kwenye rumu yake kwa nyuzi -18 halafu anauza kidogo kidogo. Alinunua boksi kutoka kampuni fulani, wakaja kulifunga mimi sipo. Jumamosi moja akaenda harusi Koboko akaacha rumu imejaa, na usiku huohuo kompresa, ile mashine inayoleta ubaridi, ikajizima kwa sababu ya ovalodi, ile swichi ya kujikinga imeruka, jambo la kubonyeza kidude kimoja tu na kila kitu kinarudi. Jumapili hakuna aliyefungua. Jumatatu asubuhi napigiwa simu niende haraka, nafika mlangoni tayari harufu imenipokea, kipimajoto kinasema +4 na chini ya mashelfu kuna maji mekundu.

Nikamuuliza mzee askari, baba, hili boksi halikuwasha kitu? Akaniambia liliwasha, taa nyekundu iliwaka tangu Jumamosi usiku haikuzima, mimi nikajua mashine iko vizuri, si hata TV ya nyumbani ukiiacha inawasha nyekundu?

Mhariri, nilishindwa kumjibu. Ni kweli kabisa. TV ikiwa na nyekundu maana yake umeme upo na yenyewe imepumzika, hakuna mtu anayekimbia akiona nyekundu ya TV. Huyu mzee alilinda ile taa usiku mbili kwa uaminifu wote, aliiangalia kila akizunguka, na lawama zote zikamwangukia yeye, Hajati alitaka kumfukuza palepale. Nikamwombea.

Sasa kwanini meseji haikufika kwa Hajati kule Koboko? Hapo ndo nilikaa na lile boksi nikalifungua kwa bisibisi yangu mwenyewe, na niseme ukweli, nilichokuta humo ndani kimenifanya niandike hii barua.

Taa ziko nne. Kijani ya pawa, buluu ya netiweki, njano ya mawasiliano na sensa, nyekundu ya alamu. (Sisi mafundi tunasema sensa, najua vitabuni ni kihisi, na hilo neno limeshaniletea kichekesho: Mei 2024 wakati wa kuhesabu watu nchi nzima nilibisha hodi nyumba moja nikasema nimekuja kufunga sensa, mama wa watu akanitolea kiti akaanza kunitajia majina ya watoto.) Hiyo ya buluu ndo inawadanganya watu wengi kuliko zote. Kwenye modemu nyingi (kile kidude cha ndani kinachoshika netiweki) za hivi vimaboksi vya 2G taa ikipepesa karibu kila sekunde moja maana yake laini bado inatafuta netiweki na haijapata, ikishapata inapunguza, inapepesa mara moja kila sekunde tatu hivi, na wakati imeshika intaneti inatuma data inakimbia sana, unaona kama mara tatu ndani ya sekunde moja. Kwa hiyo polepole ni salama, haraka kidogo ni shida, haraka sana ni salama tena. Nani atajua hayo kama hajaambiwa? Mtu anaona taa inapiga kwa bidii anasema aah, inafanya kazi. Kumbe inahangaika kama mtoto aliyepotea sokoni.

Ya Hajati ilikuwa inahangaika. Na sababu ilikuwa antena, ile antena fupi wameiacha ndani ya kabati la chuma, kabati lenyewe limefungwa kwenye paneli ya rumu ambayo ni bati pande mbili na povu katikati, yaani wamelifungia boksi ndani ya sufuria halafu wanataka lipige simu. Siku wanalifunga pengine mlango wa kabati ulikuwa wazi, neti ikashika, wakapiga picha, wakaufunga mlango wakaenda zao. Nilitoboa tundu moja chini ya kabati nikaitoa antena nje kwa waya wake nikaigandisha juu ya ukuta wa tofali, sikumaliza hata kukaza nati, buluu ikatulia. Kazi ya dakika ishirini.

Nilipokuwa palepale nikasema wacha niangalie na sensa zenyewe, maana Hajati alikuwa amelalamika miezi kwamba bili ya umeme imepanda tangu boksi lifungwe na mimi nilikuwa namwambia boksi haliwezi kula umeme hivyo. Naomba radhi kwake hapahapa kwenye gazeti, boksi lilikuwa linakula, ila kwa mlango wa nyuma.

Sensa ya joto la rumu ni ile ya PT100. Maana ya hilo jina ni kwamba kwenye nyuzi sifuri, pale barafu inapoyeyuka, upinzani wake kwa umeme ni omu 100 (omu ndo kipimo cha upinzani), na kila nyuzi moja ikipanda inaongezeka kama omu 0.39, ikishuka inapungua vilevile, kwenye -18 inatakiwa usome kama omu 93. Unaona ni kitu kidogo kiasi gani, nyuzi nzima ya joto ni chini ya nusu omu. Ndo maana hiyo sensa inakuja na waya tatu, kwa kawaida mbili nyekundu na moja nyeupe, ile nyekundu ya pili kazi yake ni kulijulisha boksi urefu wa waya unakula omu ngapi ili liondoe. Hawa vijana waya wa sensa haukufika, wakauongeza kwa waya mwembamba wa mita 20, na kwa kuwa waya wa kuongezea ulikuwa wa kora mbili tu, yaani waya mbili tu ndani yake, wakaiacha nyekundu moja inaning'inia kule rumuni halafu upande wa boksi wakaunganisha tamino mbili, yaani pale pa kuungia waya, kwa kipande cha waya ili boksi lisilalamike. Boksi halikulalamika. Lakini mita 20 kwenda na 20 kurudi kwa waya wa nusu milimita za mraba ni kama omu 1.4, na hizo boksi linazisoma kama joto, nyuzi tatu na nusu. Rumu iko -18 boksi linasema -14 na nusu hivi. Mtoto wa Hajati anayeangalia kwenye skrini ya boksi anaona joto limepanda, anaenda kuzungusha thamostati, ile ya kupangia baridi ya rumu, ishuke zaidi, rumu ya kweli inafika -21, -22, kompresa haipumziki mchana na usiku, bili inapanda, na mwisho kompresa yenyewe inachoka, ovalodi inaruka Jumamosi usiku wakati wa harusi. Siwezi kuapa kwamba ndo sababu peke yake, kondensa, pale mashine inapotolea joto nje, nayo ilikuwa na vumbi la kutosha, lakini mkono wake umo.

Na kujua hili haihitaji mashine ya gharama. Testa, kile kipima umeme cha mkononi, ya shilingi kidogo inatosha. Tenganisha sensa na boksi, pima nyekundu kwa nyekundu, utapata karibu na sifuri, hiyo ni waya tu, pima nyekundu kwa nyeupe utapata namba ya joto. Kama huna hata testa chukua kikombe, jaza barafu iliyopondwa, weka maji kidogo, koroga, ingiza sensa, subiri dakika chache, skrini iseme sifuri au karibu kabisa na sifuri. Ikisema tatu na nusu usigeuze thamostati, tafuta waya. Hii ya kikombe nilifundishwa na mzee wangu aliyenifunza kazi, yeye hajawahi kuona boksi la laini maisha yake, na mpaka leo naitumia kabla sijaamini namba yoyote ile.

Ya mlango nayo. Kuna ile swichi ya sumaku inayosema mlango uko wazi au umefungwa. Walikuwa wameiunga kwa namna kwamba mlango ukifungwa saketi iko wazi, ukifunguliwa saketi inafunga ndo boksi linapiga alamu. Siku panya akila waya (na kwenye stoo ya samaki panya ni ndugu wa familia) boksi litaendelea kuona mlango umefungwa milele na milele, hata mlango uwe wazi ng'ang'a. Ukigeuza, mlango ukifungwa saketi ifunge, basi waya ukikatwa na panya, na mwizi, na fundi mlevi, boksi linapiga kelele. Kitu cha alamu siku zote ukiunge hivyo, ukimya uwe ndo hatari. Ni waya uleule, kazi ileile, ila inabidi mtu afikirie dakika moja.

Ndo hekima ya zile sensa zinazosema kipimo chao kwa mkondo mdogo wa umeme, miliampea 4 mpaka 20, ambazo watu wanaziweka kwenye matanki ya dizeli na presha. Niliwahi kuulizwa kwanini isianze sifuri, si ndo ingekuwa rahisi. Isianze sifuri kwa sababu sifuri inabidi iwe na maana yake. Tanki tupu inasema 4, tanki imejaa inasema 20, ukiona 0 jua tanki haijasema kitu, waya umekatika. Ingeanzia sifuri, tanki tupu na waya uliokatika zingefanana na wewe ungeenda na jerikani usiku kumbe tanki imejaa.

Njano sikai nayo sana. Hiyo inatakiwa icheze-cheze, kila boksi likiuliza na sensa au mita ya umeme iliyoungwa nalo ikijibu unaona kamweko. Ikizima kabisa au ikiganda imewaka kuna neno, na mara nyingi sana ni zile waya mbili za mawasiliano, A na B, zimegeuzwa, maana watengenezaji wenyewe hawakubaliani A ni ipi na B ni ipi. Haziungui ukizigeuza, jaribu tu. Kijani ikizima-washa yenyewe kila baada ya muda mfupi kama boksi linaanza upya, angalia adapta, modemu ikituma inaweza kuvuta mpaka ampea 2 kwa kufumba na kufumbua, adapta dhaifu inapiga magoti, boksi linazima, linawaka, linatafuta neti, linataka kutuma, linazima tena. Utabadilisha laini, utabadilisha antena, utamlaumu mwenye mnara, kumbe ni adapta. Na betri ya akiba jamani, boksi bila betri ni mlinzi anayelala umeme ukikatika.

Sasa nirudi kwa mzee, maana yeye ndo barua yenyewe.

Ndani ya mlango wa kabati wamebandika karatasi inaeleza taa zote. Imeandikwa Kiingereza upande mmoja na Kichina upande mwingine. Mzee huyu alikuwa jeshini zamani, Kiswahili chake ni cha kambini, kimenyooka kuliko hata changu, na ukitembea usiku Arua, Gulu, Kampala, popote penye geti na askari, lugha utakayosalimiana naye kirahisi ni hiyohiyo. Katiba yetu tangu marekebisho ya 2005 inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima mashuleni, Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imekikubali kuwa lugha yake rasmi. Mambo makubwa hayo, nayafurahia. Lakini kwenye mlango wa kabati la samaki la Hajati hakijafika, na pale ndo kilihitajika, saa nane usiku, kwa mtu mmoja mwenye tochi.

Niliandika karatasi mwenyewe, kwa mkono, kalamu ya maka. Kijani: umeme upo, ikizima piga simu. Nyekundu: HATARI, hii sio TV, piga simu hata kama ni usiku wa manane. Njano: icheze. Nikafika kwa buluu nikakwama, nitamwambiaje mtu ahesabu sekunde gizani bila saa? Nikamwita tuangalie wote. Nikachomoa antena ili taa ianze kutafuta, akaitazama kidogo, mguu wake ukaanza kugonga sakafu wenyewe, kushoto kulia, kushoto kulia, akacheka akaniambia fundi, hii inapiga kila kushoto. Nikairudisha antena, tukasubiri, ikatulia, akasema sasa imesimama mguu pande, inapumua tu. Baadaye ikapata intaneti ikaanza kukimbia, akasema haya, hii imeagizwa mbio.

Basi ndo nilivyoandika kwenye karatasi, neno kwa neno. Ikipiga kila kushoto, neti hakuna, piga simu. Ikipumua, sawa. Ikikimbia, sawa, inatuma. Hakuna kitabu cha kiwandani kitakachomweleza vizuri kuliko alivyojieleza.

Kingine nilichogundua siku hiyo, kuna kipande cha plasta ya kidonda kilikuwa pembeni ya kioo cha kabati. Nikauliza hiki ni nini. Ni askari wa zamu nyingine, taa zilikuwa zinamsumbua usingizi akaziba. Sikumkasirikia sana, kitu kisichokuwa na maana kwako kikikupepesa machoni usiku kucha hata mimi ningeziba.

Kwa hiyo Mhariri, kwa hizi kampuni zinazouza maboksi, naomba siku ya kufunga mtenge nusu saa na askari na mama anayefagia na kijana wa kupanga samaki, chomoeni sensa mbele yao waone nyekundu ikiwaka, fungeni mlango wa kabati halafu ndo muangalie neti, mtume meseji ya majaribio na mwenye mali aipokee mkiwa bado pale. Na kwa sisi mafundi wa hapa, tusione aibu kurudia kazi ya mwenzetu kwa testa, na tusikubali waya wa kora mbili kwenye sensa ya waya tatu hata mteja akisema haraka haraka. Kwa wenye mali, muulize salio la ile laini ya ndani ya boksi linanunuliwa na nani, nimekuta maboksi mawili mazima kabisa, buluu inapumua vizuri, ila hayana hata shilingi ya kutuma meseji.

Hajati ana stoo ya pili Panyimur anataka kuifungia boksi mwezi ujao, safari hii ameniita mimi. Mzee anakuja na mimi kwenye pikapi, ameomba mwenyewe, anasema yule askari wa kule atamfundisha yeye, mimi nishughulike na waya.

Ni mimi,
Fundi wa friji, Arua